Figo ya Natabo

Natabo ana kovu refu ubavuni, upande wa kushoto. Ukimuuliza lilitoka wapi, atakuambia alipigwa pembe na ng'ombe. Mimi nalijua vizuri hilo kovu kwa sababu nilimsaidia kulisafisha kwa wiki mbili, na hakuna ng'ombe aliyehusika. Alitoa figo yake moja akampa mdogo wake, Mwalimu Ekiru, na leo hapendi hata kulitaja jambo hilo.

Mimi ni Nyaguthii, ila wengi huniita Mama Chege. Nauza nafaka hapa Isiolo, karibu na soko la mifugo. Duka langu na hoteli ya Natabo zimetenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, hata akikohoa namsikia. Kwetu Nyeri walisema tangu nikiwa mdogo kwamba nina mdomo mwepesi. Ni kweli. Ningekuwa na akili kama nilivyo na mdomo, nisingekuwa na habari hii ya kuwasimulia.

Natabo hajaolewa, na si kwamba hakupata wachumba. Walikuja wawili, akawakataa, kwa kuwa Ekiru alikuwa bado yuko shule na karo yake ilitoka kwenye chapati na matumbo ya hoteli ile. Kijana akamaliza, akawa mwalimu kule Oldonyiro, akavaa tai. Alipofikisha miaka thelathini na sita, presha ikaziua figo zake zote mbili. Madaktari wa Nairobi wakasema atafutwe ndugu wa damu apimwe. Ungewaona hao ndugu! Binamu yake Lokol akakumbuka mbuzi wake wamepotelea porini. Achuka, binamu mwingine, simu yake ikazimika mwezi mzima. Natabo akafunga hoteli, akaenda.

Waliporudi, Natabo alikuwa na karatasi ya masharti aliyoshika kichwani kuliko mimi ninavyoshika Zaburi. Muuguzi alimweleza kwamba dawa atakazomeza Ekiru maisha yake yote zinaulegeza mwili ili usiikatae figo ya mtu mwingine. Mwili uliolegea hivyo hauwezi kupigana na vijidudu. Wewe na mimi tukila kiporo kilichochacha tunaharisha siku moja, kesho tunacheka. Ekiru anaweza kuipoteza figo, au azikwe kabisa.

Basi Natabo akamnunulia mdogo wake sufuria yake peke yake, kisu chake na ubao wake wa kukatia. Nyama aliichemsha mpaka ikaachana na mfupa. Mayai hayakuliwa mpaka kiini kiwe kigumu. Kachumbari marufuku, viporo marufuku, choma ya kando ya barabara usiitaje. Maziwa, hata ya pakiti, aliyasimamia mpaka yakafura mara mbili. Nilimtania, nikamwita Daktari wa Sufuria. Alicheka siku za kwanza, baadaye akaacha kucheka, maana wengine hawakuwa wakitania. Walisema amemfunga mwanamume mzima kama mtoto, eti anajiona kwa sababu alitoa figo. Kwenye matanga Ekiru alikaa bila kula, na waliompikia wakachukia. Natabo alisimama kando yake na kikapu chake, akameza maneno yote.

Mwaka ukaisha na figo inafanya kazi. Mama yao, Nakolong, anayeishi Gotu na mbuzi wake, akataka ibada ya shukrani nyumbani. Natabo hakutaka. Ekiru ndiye aliyesema, "Dada, mama amengojea. Tutamwambia nini?" Tukaenda, mimi nikiwa mgeni wa heshima kwa sababu nilileta mchele.

Hata huko Natabo alibeba chakula cha mdogo wake kwenye chupa ya kutunza joto. Baada ya maombi aliitwa kwenye meko kusimamia nyama ya wageni. Akaniinamia sikioni.

"Mama Chege, kaa na yeye hapa. Asikule kitu yoyote. Asikunywe. Hata kama ni nani anampatia."

"Enda, mimi niko," nikamwambia.

Haikupita hata nusu saa. Nakolong alitoka ndani ya nyumba yake ameshika kibuyu kwa mikono miwili, anatembea polepole, na watu wakampisha njia. Alikuwa ametenga mbuzi wawili tangu siku ya upasuaji, na maziwa yao hakumpa mtu mwingine. Kibuyu alikisafisha mwenyewe kwa kijinga cha moto, kama alivyofunzwa na mama yake. Kwake yeye, moshi ule ulikuwa umemaliza uchafu wote, hakukuwa na haja ya kuyachemsha maziwa. Mimi pia niliunusa moshi ule, ukanukia vizuri, nikadhani vivyo hivyo. Mtu mzima, mfanyabiashara, nimesikia masharti yale kupitia mabati mwaka mzima!

"Kijana yangu," mama alisema, "nimekuwekea hii. Kunywa nione."

Ekiru alinitazama. Sitasahau yale macho. Hakuwa akiniomba ruhusa, alikuwa akiniomba nimkataze mbele ya watu ili yeye asiwe ndiye aliyekataa. Pasta alikuwa anatabasamu. Lokol, yule wa mbuzi waliopotea, alisema kwa sauti, "Ama hiyo pia inangojea Natabo?" Watu wakacheka.

Nikaona aibu ya mama, nikaisahau figo. "Onja kidogo tu, mwalimu," nikasema. "Kidogo haina neno." Nikakichukua kile kibuyu kwa mkono wangu huu, nikammiminia kwenye kifuniko chake. Akanywa. Mama akapiga vigelegele, akaongeza mwenyewe, Ekiru akanywa tena mpaka yakaisha. Natabo aliporudi, kibuyu kilikuwa kimerudishwa ndani, na mimi nikamwambia mambo yako sawa.

Siku ya sita homa ikampanda Ekiru. Natabo alimuuliza amekula nini, akasema hajala kitu. Akaniuliza mimi, nikasema sikuona kitu. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi, kuliko hata pale penye kibuyu. Hospitalini wakamtibu malaria. Daktari akauliza kama amekunywa maziwa mabichi, Ekiru akatikisa kichwa. Siku tatu tulikaa na uongo wetu, mimi na yeye, kila mmoja akilinda heshima yake. Siku ya nne alianza kutetemeka hata kitanda kikalia. Nikamvuta Natabo kwenye korido nikamwambia yote.

Nilitaka anipige. Angenipiga kofi ningelala usingizi. Alijishika ubavu, kisha akaenda mbio kumtafuta daktari.

Vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Ili kumwokoa, madaktari walilazimika kupunguza zile dawa za kulegeza mwili, na mwili ukapata nguvu ukaigeukia figo. Ekiru akabaki hai. Figo ikafa.

Tulipotoka hospitalini siku ile, Natabo aliniambia neno moja tu. "Mama asijue. Akijua ni maziwa yake, atakufa." Nikakubali. Ningekataaje?

Sasa Ekiru anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, na tai ameshaiweka sandukuni. Natabo bado anampikia kwa sufuria ileile. Mimi ananisalimu, ananiletea chai kama zamani, lakini hajawahi tena kuniambia nimwangalizie kitu, hata maharagwe yakiwa jikoni.

Wiki iliyopita Nakolong alikuja sokoni, akaingia hotelini, akaketi kwenye benchi na kibuyu chake. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Natabo alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayamimina maziwa kwenye sufuria na kuyaweka motoni. Mama alimtazama Natabo aliyempa mgongo, akanigeukia mimi.

"Mimi nilijua hiyo figo itamkataa," akasema, wala hakupunguza sauti. "Mwanamke hajazaa, figo yake itabeba mwanaume aje? Ingekuwa ya Lokol, mtoto wangu angekuwa shule saa hii. Heri hata alikunywa maziwa yangu kidogo, ndiyo hajakufa. Si ati, Mama Chege?"

Natabo hakugeuka. Alikuwa akikoroga maziwa, na mkono mmoja alikuwa ameuweka ubavuni. Hoteli ilikuwa na watu, wote wakaningoja mimi mwenye mdomo.

"Ndiyo, mama," nikasema.