Gitaa la shemeji lilivyonirudisha kwenye cherehani yangu

Wakuu, kamwene. Mlioamka na mnaoamka sasa, wote nawasalimu.

Juzi nimesoma uzi wa kijana humu. Kanunua gitaa, kalipiga wikiendi nzima mpaka vidole vikavimba, sasa anataka kuliuza.

Nikaona nisinyamaze. Mimi ni mzee wa Mbeya, umri unakaribia tisini, na kuandika kwenye simu kwangu ni kazi, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, siongezi kitu.

Miaka ya hamsini, enzi za mkoloni, nilikuwa fundi cherehani Mbeya mjini. Nilishonea barazani kwenye duka la Mhindi mmoja, Bwana Jivan. Nilikuwa kijana, nimeshachumbia, mambo yananyooka.

Nikapanda lori kwenda Iringa kumwona dada yangu Tupo, aliyeolewa na Mhehe pale Mlandege.

Chimala lori likasimama kupakia mchele. Nikashuka kujinyoosha, nikaegemea nyuma ya lori. Wapakiaji hawakuniona. Wakafunga ule ubao wa nyuma, ukanibana mkono wa kushoto.

Sijui kama nilipiga kelele. Nakumbuka mama mmoja, abiria mwenzangu, alichana khanga yake akanifunga. Safari ikaendelea hivyo hivyo.

Iringa hospitali wakanifunga vibao. Siku ya kufunguliwa, mifupa imeunga, lakini vidole havikunjiki. Vimekaa wima kama vya sanamu. Daktari akasema nivizoeshe taratibu, vinaweza kurudi, vinaweza visirudi.

Kwa asiyejua ushonaji: mguu unakanyaga, lakini mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Bila huo, huna kazi.

Halafu dereva mmoja akaniletea salamu kutoka Mbeya. Bwana Jivan amemkalisha fundi mwingine kwenye cherehani yangu, kwa sasa.

Hilo "kwa sasa" lilininyima raha kabisa. Na mchumba nitamwambia nini?

Shemeji yangu, Kihwele, alikuwa seremala, tena mpiga gitaa wa kwenye harusi. Mtu wa maneno machache. Asubuhi moja, dada akiwa amebandika chai, shemeji akaniwekea gitaa mapajani.

"Bonyeza uzi mmoja tu," akasema. "Chai ikichemka, unaacha."

Nikamwambia mimi sitaki kuwa mwanamuziki.

"Na mimi sitaki shemeji wa kukaa jikoni," akanijibu, akaenda zake kazini.

Wakuu, uzi wa gitaa ni waya. Nilibonyeza, kidole kikakataa. Nikakisukuma na mkono wa kulia. Ikatoka sauti mbaya, dada akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Chimala.

Basi ikawa ndiyo practice yangu. Kila asubuhi, muda wa chai kuchemka.

Kidole cha shahada kikaanza kukunjika kidogo. Nikapata tamaa. Siku dada ameenda sokoni nikalipiga gitaa mchana kutwa, nikijua nitamaliza kazi yote mara moja. Jioni mkono umevimba kama andazi. Shemeji akalitundika gitaa juu ukutani, hakunigombeza. Uvimbe ulipoisha akalishusha mwenyewe.

"Chai ikichemka," akarudia.

Sasa nikatii. Kuna asubuhi sikuona mabadiliko yoyote, nikapiga hivyo hivyo. Uzi mmoja ukawa nyuzi mbili. Chord ya kwanza, yaani nyuzi kadhaa zikilia pamoja, ilipotoka safi, dada alikuwa anachochea moto. Akageuka, hakucheka. Akafuta macho, akasingizia moshi.

Nikarudi Mbeya. Kweli nikamkuta fundi mwingine kwenye kiti changu, kijana mpole wa Kisafwa, hana kosa. Bwana Jivan akautazama mkono wangu muda mrefu. Akanipa kitambaa cheupe, akasema nishone kola ya shati.

Kola haidanganyi. Ikipinda, kila mtu anaona.

Nilishona polepole, jasho linatoka na baridi yote ile ya Mbeya. Nilipomaliza akaivuta ncha hii na ile, akailinganisha kwenye mwanga.

"Wewe kaa hapa pako," akasema. "Huyu nitamtafutia cherehani nyingine."

Niliinuka, nikashika nguzo ya baraza kwanza. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibeba tangu Iringa.

Nikamwoa yule mchumba wangu mwaka huo huo. Shemeji alikuja kupiga gitaa, na wimbo mmoja akanipa mimi nipige. Niliukosea katikati, watu wakacheza tu.

Kwa hiyo kijana, usiliuze. Vidole havifundishwi kwa hasira. Vipe kidogo leo, kidogo kesho, na uache kabla havijakuchukia.

Wapiga gitaa wa humu, ninyi mlianzaje? Na yule kijana akipita hapa, aniambie kama gitaa bado lipo.