Baba alivyoniziba fizi kwa nta ya nyuki, jino la mbele likaenda

Wakuu salaam. Najua humu karibu wote ni wadogo zangu, kwa hiyo marahaba. Haya yamenipata mwenyewe, na pengo ninalo hadi leo.

Ni enzi za Mwingereza, huku Itigi. Nilikuwa kijana, narina asali na baba.

Vichaka vya kwetu vimebanana, mwenzako akienda hatua kumi humwoni. Mnaitana kwa mluzi. Asiye na mluzi haendi mizingani, anabaki kulima.

Siku moja tukishusha mzinga mtini, kamba ikakatika, mzinga ukanipiga mdomoni. Meno mawili ya mbele yakalegea, baadaye yakakaza. Tukasahau.

Miaka ikapita, moja likawa jeusi. Fizi ikavimba juu yake, ikatoboka kitundu, usaha ukawa unatoka kidogo kidogo.

Sasa sikieni akili ya mrina asali. Baba akasema, "Kinachovuja kinazibwa." Akalainisha nta, akaziba kile kitundu kama anaziba ufa wa mzinga. Kila asubuhi anakagua, na mimi mjinga naachama tu.

Uso ulivimba hadi jicho likafunga. Mzee anadai nta haikukaza, aongeze nyingine. Jamani.

Mama akachoka kututazama, akanipeleka hospitali ya misheni bila kumuuliza mtu.

Daktari akapiga picha, akanionyesha mfuko wa maji ndani ya mfupa, kwenye mizizi ya yale meno mawili. "Aliyeziba hapa alifunga mlango wa uchafu," akasema.

Nilimwomba asing'oe, mluzi wangu uko hapo. Akanichoma ganzi, akapasua fizi, akautoa mfuko wote na kukwangua mfupa. Jino moja akalikata ncha ya mzizi, likapona. Lile jeusi halikuwa na pa kujishika tena. Akaling'oa.

Nikarudi vichakani. Baba akatangulia kama kawaida, akapiga mluzi. Nikajibu, ukatoka upepo mtupu. Akapiga tena, upepo. Kwa hasira nikakaa chini.

Akarudi akinitafuta kichaka kwa kichaka, jasho linamtiririka. Samahani hakusema, siku hiyo wala nyingine. Ila hadi anaingia kaburini, hakunitangulia tena.

Funzo: jino likigongwa likabadilika rangi, wahi hospitali hata kama haliumi. Na kitundu cha usaha kisizibwe na mjuaji yeyote.

Nani mwingine humu alitibiwa na mzazi asiyeulizwa? Leteni yenu, nasoma yote.