Wimbo Nilioujibu kwa Maneno

Nyumba ya kwanza ya bati kijijini kwetu, kule juu Mufindi, ni yangu. Darasa la pili tu ndilo nililo nalo. Nilianza na msumeno wa shimo, gogo likilazwa juu ya shimo na mimi nikivuta msumeno kutoka chini, vumbi la mbao likiniingia machoni, nikapanda mpaka nikamiliki lori. Mbao zangu zilifika Chimala, Mbeya, popote pale barabara kubwa ilipofika. Wenye vyeti walinipigia hodi.

Mke wangu alipofariki nikabaki na binti mmoja, mwalimu huko Mbeya. Akaja likizo. Nilitaka jambo moja: ahamie shule ya kijijini, nyumba ile ipate mtu wa kuongea. Ili aonje raha ya kwetu, nikaita watu wa palizi, nikapikisha komoni, pombe yetu ya mahindi, ya kutosha kijiji kizima.

Kwetu wimbo wa jembe hauna adabu. Mwimbaji humsema hata mwenye shamba, naye hujibu kwa wimbo au hunyamaza. Akijibu kwa maneno makavu, majembe huwekwa chini.

Binti yangu akakaa kwenye tuta na gitaa lake, akaanzisha:

"Baba umeuza msitu, ukungu ukaufuata!"

Wakaitikia: "Na sisi tutakunywa nini?"

"Chemchemi uliyoogea utotoni, leo hata chura hakai!"

"Na sisi tutakunywa nini?"

Haki ya Mungu, ulikuwa mtamu. Kina mama walicheza na majembe mabegani. Mmoja akanichokoza, "Mwenye lori, jibu basi! Au sauti nayo umeiuza?"

Wakaangua kicheko. Mimi, niliyeangusha miti mpaka nchi ikatetemeka, nikakosa mstari mmoja. Nikafoka: "Na hilo gitaa limetoka wapi kama si kwenye mbao zangu?"

Jembe moja likalala chini, mengine yakafuata. Watu wakaondoka, komoni haijaguswa.

Binti akanisogelea. "Baba, ungeimba tu. Hata vibaya."

"Twende nyumbani tuongee."

"Si ndiyo tulikuwa tunaongea, baba?"

Asubuhi akapanda basi la Mbeya. Uhamisho hakuomba.

Mimi siachi shamba na majani. Nikapalilia peke yangu, tuta kwa tuta. Siku moja katikati ya mahindi jibu likanijia, zuri kuliko wimbo wake, nasema kweli: "Mwanangu, msitu ulikuvika viatu, njoo unioneshe pa kupanda!" Nikaliimba kwa sauti yangu yote. Nikasimama kidogo, jembe mkononi, kama mtu anavyowapisha waitikiaji. Kisha nikainama, nikaendelea.