Kahawa ya Bibi Drita

Siku niliyokunywa kahawa isiyo yangu naikumbuka kama jana, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka mpaka mbavu sina.

Nilikuwa binti, juzijuzi tu nimetoka kambi ya wakimbizi Kigoma, nimepata kazi ya kutunza wazee hapa Liverpool yetu, si ile ya timu ya mpira. Mzee wangu wa kwanza alikuwa Bibi Drita, Mwalbania wa Kosovo. Kimwili mdogo, ila ukali wake, we acha tu. Mjukuu wake alikuwa anamwoa Mira, binti wa Bwana Agim, Mwalbania wa Albania. Lugha moja, nyimbo moja, hata mapishi yaleyale, ila nchi ni mbili, zinapakana, na Kosovo ndiyo kwanza imejitangazia uhuru na kupata bendera yake ya buluu.

Bendera hiyo ndiyo iliyozua kasheshe. Agim alisema ukumbini itatundikwa ile nyekundu yenye tai, ya Waalbania wote, basi. Nchi ya pili ya nini? Ndugu na ndugu wapelekeane mabalozi kwa nini? Baba wa bwana harusi naye akaapa: bila ya buluu, hatukanyagi. Harusi imekaribia, Mira analia, kijana hali chakula.

Bibi Drita akaniambia, "Nipeleke kwa Agim."

Agim alitupokea kwa heshima zote, akatuwekea kahawa nzito kwenye vikombe vidogo. Bibi akaanza kuzungumza Kialbania, taratibu, na kikombe chake hakukigusa. Agim anatazama kikombe, anatazama sakafu, jasho linamtoka. Mimi roho juu! Unajua sisi tulivyolelewa: kuacha kinywaji cha mwenyeji ni kumtukana mchana kweupe. Nikasema moyoni, huyu bibi anatuaibisha. Nikamaliza changu. Agim alipogeuka kumwita Mira, nikanyakua na cha bibi, nikakimaliza chote.

Mira akatoka jikoni, akaona vikombe vitupu, akapiga kelele, "Bibi amekunywa!"

Ndipo akanieleza kwa Kiingereza. Kwao, mwenye ombi zito hagusi kahawa mpaka mwenyeji amkubalie. Ikishanywewa, ombi limepita. Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema palepale kwamba mnywaji ni mimi.

Bibi hakupepesa hata jicho. Mira akanitafsiria maneno yake: "Huyu nimekuja naye. Kwa hiyo tumekunywa."

Agim alicheka mpaka akajifuta machozi. Nadhani maskini alikuwa ameshachoka na ubishi wake mwenyewe, alikosa tu pa kutokea. Akasema, "Haya mama, ilete hiyo bendera yako."

Njiani bibi akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "Agim anadhani tulipojenga nyumba yetu tulimkimbia. Ningetaka kumkimbia, ningejenga mlangoni kwake?"

Siku ya harusi Agim mwenyewe alipanda ngazi akaitundika ya buluu kando ya nyekundu, kisha akacheza na bibi mpaka bibi akasahau fimbo yake ya kutembelea. Na leo ukimtembelea, ndiye anayeringa kwamba Kosovo ina ubalozi Tirana na Albania ina wake Pristina. Mimi ananiwekea vikombe viwili, mchokozi yule.

Sasa wewe, mwanangu. Binamu zako wamehamia Mount Druitt, upande wa pili wa jiji, wameanzisha kwaya yao, wamejishonea sare zao, nawe umenuna, unasema wametutenga. Wametutenga wapi, na leo Jumapili wamekualika? Mtu kuwa na chake si kukukataa wewe. Mwache awe na jina lake na sare yake, kisha nenda kwake, ubishe hodi, mwimbe pamoja. Usingoje wao waje kwanza.

Mungu akupe nyumba iliyo yako kweli, na ndugu wa kuijaza kelele. Haya, vaa viatu, treni haitungoji. Na wakikuwekea soda, mwanangu, kunywa yote.