Mkono Uliobaki Mkavu

Niliripoti kanisani Temeke siku ya Jumatatu asubuhi, nikiwa na cheti cha chuo cha Biblia ndani ya bahasha na majibu mengi kichwani. Njia nzima kutoka stesheni ya reli nilikuwa nikijiuliza maswali ambayo Mchungaji Kiongozi angeweza kuniuliza, halafu nikijijibu, halafu nikilipinga jibu langu mwenyewe. Nilikuwa na jibu kuhusu wokovu na jibu kuhusu Utatu. Nilikuwa na jibu hata la kwa nini nimechelewa, ingawa sikuwa nimechelewa.

Nilimkuta nyuma ya kanisa, amesimama ndani ya shimo, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba. Wewe ndiye mwinjilisti mpya? Vua viatu, koleo lile pale."

"Nina cheti changu hapa, Mchungaji, pamoja na barua ya..."

"Kiweke mahali pasipo na udongo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya Bwana: kwa koleo. Shimo lile lilikuwa la kisima cha ubatizo. Ninyi vijana mmekuta kila kitu kimejengwa, kwa hiyo niwaeleze. Sisi Wabaptisti hatumnyunyizii mtu maji. Aliyeamini mwenyewe, akatoa ushuhuda wake mbele ya kanisa, huzamishwa mwili mzima kisha akainuliwa. Kabla ya hapo washirika wetu walikuwa wakienda baharini. Lakini Uhuru ulikuwa umepatikana, wimbo wa kila mahali ulikuwa kujitegemea, nao wakaamua kuchimba kisima chao kwa mikono yao.

"Kitakuwa na kina gani?" niliuliza.

Mchungaji Kiongozi akanipima kwa macho. "Kwako wewe? Kifuani."

Niliendelea kuchimba, lakini polepole zaidi. Mimi ni Mnyamwezi wa ndani kabisa ya Tabora. Kwetu maji tuliyachota, hatukuyaingia. Siku niliyobatizwa mwenyewe nilifumba macho tangu nilipolowa vifundo vya miguu, na ninachokumbuka ni hofu tu. Chuoni nilisoma sura nzima ya ubatizo na kupata alama nzuri. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa maji, nami sikuona sababu ya kumwambia mtu.

Kwa miaka miwili ya kwanza siri yangu ilikaa salama, kwa sababu mwinjilisti habatizi bila ruhusa. Kazi yangu ilikuwa kufundisha darasa la ubatizo na kuandaa kisima. Kuandaa kisima ni kazi, msidhani ni mchezo. Jumamosi tulipanga foleni kwenye bomba la mtaa na ndoo zetu, tukichanganyika na akina mama wa jirani, wengi wao Waislamu, waliotaka maji ya kupikia. Aliyetupanga ni Mzee Pazi, balozi wa nyumba kumi, Mzaramo, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hakunipa nafasi ya kupumua.

"Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani kubeba mizigo," aliniambia kila Jumamosi. "Naona kazi hamjaiacha. Haya, ndoo mbili za kanisa, ndoo mbili za wali. Mungu ni mmoja, lakini njaa ni kila mtu na yake."

Kulikuwa pia na kanzu za ubatizo. Kanzu ikiingia majini huvimba na kupanda juu, na mtu akaaibika mbele ya mashemeji. Kwa hiyo tulishona chubwi kwenye pindo, yale madongo ya risasi ambayo wavuvi hufunga kwenye mishipi. Nilizishona mwenyewe. Niliposhona kanzu ya mbatizaji, niliongeza chubwi mbili, nikiwaza kwamba nikianguka angalau nitaanguka nikiwa nimesitirika.

Kuhusu kuzamisha kwenyewe, Mchungaji Kiongozi alinifundisha tukiwa nchi kavu. Mkono wa kushoto unashika mikono ya mbatizwa, ameikunja kifuani. Wa kulia unakaa nyuma ya shingo. Unatamka maneno, unakunja goti, unamlaza.

"Usimsukume," alisema. "Mlaze tu. Maji yatambeba. Na wewe yatakubeba."

Hilo la mwisho sikuliamini hata kidogo.

Mwaka wa tatu nilipelekwa Mbagala kufungua kituo cha mahubiri. Mbagala ya wakati huo ilikuwa mikorosho na nyumba za makuti zilizotawanyika. Watu wengi walitoka kusini, Waislamu kwa Wakristo, na humo nikampata Mzee Chilumba, Mmakonde, mchongaji wa vinyago vya mpingo. Alikuwa na kifua kama pipa na maneno machache. Alinisikiliza miezi minane akichonga, bila kunyanyua macho, mpaka siku moja akasema, "Mie niko tayari. Lini?"

Wakati huohuo Mchungaji Kiongozi alikuwa akijiandaa kusafiri kwenda kutembelea makanisa ya Tukuyu. Akaniita ofisini.

"Jumapili utabatiza wewe. Wako wanne. Nikirudi tutapanga siku ya kuwekewa mikono, uwe mchungaji kamili."

Nilisema, "Ndiyo, Mchungaji." Ilinipasa kusema jambo lingine, na nilikuwa nalo kinywani.

Watatu wa kwanza walikuwa wembamba, wakazama na kuinuka vizuri. Wa nne alikuwa Mzee Chilumba. Nilitamka maneno, nikakunja goti, nikamlaza, na uzito wake ukanivuta. Mguu wangu ukateleza kwenye saruji. Maji yakanifika kidevuni. Hapo sikuwa mwinjilisti tena, nilikuwa mtu anayezama: nikaudaka mkono wake wa kulia, nikaung'ang'ania kwa juu kama mtu aliyeshika tawi. Mwili wake wote ulizama, isipokuwa mkono ule. Mikono mipana ya kanzu yangu iliufunika mkono wangu, hivyo watu waliokaa kwenye mabenchi waliona kitu kimoja tu: vidole vya Mzee Chilumba vikichomoza juu ya maji, vikavu.

Aliinuka, akakohoa, wakaimba. Nikadhani yamekwisha.

Kufika Jumatano, Temeke nzima ilikuwa na habari. Shemasi Mkuu, mzee mwadilifu kweli, asiyecheka, ndiye aliyenieleza. "Mwinjilisti, umeona ishara? Mkono unaochonga mashetani umekataa maji."

Inabidi nieleze. Kuna aina ya kinyago cha Kimakonde kinachoitwa shetani: jicho moja, mdomo umepinda, miguu imesokotana. Mzee Chilumba alivichonga katika ushirika wa wachongaji, vikanunuliwa na wageni. Kwake ilikuwa kazi, kama mwingine anavyoshona viatu. Lakini Shemasi Mkuu aliitisha mkutano wa kanisa: Mzee Chilumba aache kuchonga, la sivyo afutwe kwenye daftari la washirika.

Jumamosi, kwenye bomba, Mzee Pazi hakunitania.

"Braza, huyu ndugu yenu wa Mbagala. Balozi wa kule ni mkwe wangu, ameniuliza. Akiacha kuchonga, ataandikwa kazi gani? Unajua amri ya sasa. Asiye na kazi anapakiwa kwenye lori, anarudishwa kijijini kulima. Na ana mke mgonjwa, anatibiwa hapa mjini."

"Nalijua hilo, mzee."

"Sasa nyie mmemzamisha kumwokoa au kumfukuza?"

Nilirudi chumbani nikaketi na karatasi. Upande mmoja niliandika sababu za kusema ukweli, upande wa pili sababu za kunyamaza. Upande wa kunyamaza ulijaa haraka: kanisa litanidharau, kuwekewa mikono kutaahirishwa, wale watatu wengine watatilia shaka ubatizo wao, Mchungaji Kiongozi ataona aibu. Upande wa kusema niliandika neno moja, Chilumba, nikakwama. Niliomba Mungu anipe ishara. Nadhani alichoka na mimi, maana hakunipa. Alikuwa amenipa kumbukumbu, na hiyo ilitosha.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada. Kanisa la Kibaptisti halina askofu wa kuamua kutoka juu. Kila mshirika ana kura moja, na kura hupigwa kwa kunyoosha mkono. Mchungaji Kiongozi, aliyerudi usiku wa kuamkia siku ile, alikaa kiti cha mwenyekiti. Shemasi Mkuu alisoma hoja. Mzee Chilumba alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani.

"Ndugu Chilumba, una neno?"

"Sina, Mchungaji. Nangoja."

"Wanaounga mkono hoja, wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Niliitazama, mmoja mmoja, na katika kila uliopanda niliuona ule mmoja wa majini. Nikasimama. Nikashika benchi la mbele yangu.

"Mwenyekiti, mkono wa Mzee Chilumba haukukataa maji. Niliushika mimi. Niliteleza, nikaogopa, nikamng'ang'ania. Naogopa maji tangu utotoni, na sijawahi kumwambia mtu. Ishara mliyoiona ilikuwa ishara yangu mimi."

Nilisikia akina mama wakibishana kule kwenye bomba. Kisha Mzee Chilumba akasimama, akakunja mkono wa shati. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama za kucha zilizoanza kupona.

"Nilijua," alisema. "Mwinjilisti ana kucha kama chui."

Mtu mmoja akacheka, akajaribu kuzuia, ikashindikana. Wakacheka wote, hata mimi.

"Kwa nini hukusema, ndugu yangu?" Shemasi Mkuu aliuliza.

"Ningesema mie, ingekuwa mchongaji anamsingizia mtumishi wa Mungu. Nilimngoja yeye." Akageuka kwa Mchungaji Kiongozi. "Sasa niulize. Huu mkono mkavu, nirudishwe majini ubatizwe peke yake?"

"Hapana," alisema Mchungaji Kiongozi. "Hatubatizi viungo. Tunabatiza mtu."

Shemasi Mkuu aliiondoa hoja yake mwenyewe, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alikwenda hadi benchi la nyuma, akamshika Mzee Chilumba mkono uleule.

Mimi sikuachiwa hivihivi. Baada ya mkutano Mchungaji Kiongozi alinipeleka ukingoni mwa kisima.

"Hofu si dhambi," alisema. "Ila uliificha mpaka ikamwangukia mtu mwingine. Kuwekewa mikono tutangoja mwaka. Na kila Jumamosi, kisima kikijaa, utaingia usimame humo mpaka magoti yaache kugonga."

Nilisimama humo Jumamosi nyingi. Mzee Pazi alileta hata watu kuangalia. "Njooni muone Mnyamwezi anasomea uchura!" Jumamosi ya tatu Mzee Chilumba alikuja na mfuko wa vifaa vyake. Akaingia majini na nguo zake, akapapasa ukuta chini ya usawa wa maji, akapima kwa kidole. Wiki iliyofuata, kabla maji hayajajazwa, alitoboa ukuta na kupachika pale kishikio cha mpingo, kinene, laini, kinachojaa kiganjani. Hakukichonga sura yoyote. Kisima kikijaa, kishikio hakionekani na mtu yeyote aliye kwenye mabenchi.

"Mpingo hauelei, Mwinjilisti," aliniambia. "Kama wewe. Lakini hauozi. Ukiingia, kishike. Ukianza kubatiza, kiachie."

Mwaka ulipotimia niliwekewa mikono, na mmoja wa waliotangulia kuniombea alikuwa Shemasi Mkuu. Baadaye nilihudumu Mwananyamala, kisha Mbagala kwa miaka mingi, kisha nikarudishwa Temeke kukaa kiti cha Mchungaji Kiongozi mwenyewe. Nimezika wengi, nimefungisha ndoa nyingi, nimebatiza Wamakonde, Wangoni, Wazaramo wachache, na mjukuu wa Mzee Chilumba. Sikuwahi kujifunza kuogelea. Kila mara niliposhuka zile ngazi moyo ulinidunda, na kila mara nilikishika kile kishikio, nikavuta pumzi, nikakiachia. Zamani niliamini kwamba siku imani yangu itakapokomaa, hofu itaondoka. Haikuondoka. Ilizoea kungoja ukutani wakati mimi nafanya kazi.

Nimestaafu sasa. Mwezi uliopita nilialikwa kukiona kisima kikikarabatiwa. Mchungaji mpya ni kijana msomi, ana shahada, anaongea haraka kama mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa. Mafundi walikuwa wanabandika vigae, na fundi mmoja akauliza kama akikate kile kipande cha mti kinachochomoza ukutani.

"Shikamoo, baba. Hicho ni kitu gani?" kijana aliniuliza. "Kwenye ramani ya jengo hakipo."

Nilitazama mikono yake. Alikuwa amekunja ngumi.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Jumapili unabatiza wangapi?"

"Sita." Akakitazama kisima. "Ni mara yangu ya kwanza."

Nikamgeukia fundi. "Kiache," nikasema. "Kina mwenyewe."