Fifi ya Milembe

Asubuhi yao ya mwisho Milembe alikaa mkekani, nyumbani Sapiwi, akitenga pamba safi na fifi, ile chafu.

"Changanya tu, mama Salu," mumewe Masunga alimwambia. "Wanunuzi binafsi hawa hawakagui."

Hakuchanganya. Ujanani alianzia ukarani wa mizani ya pamba, akakatisha abiria tiketi za ndege Mwanza, na baada ya miaka ishirini akaliongoza shirika la ndege la taifa. Lilipouzwa akarudi kijijini, na huko walisema mke wa Masunga kauza ndege. Neno hilo alikufa nalo, mchana wa siku ile ya mkekani. Gunia la pamba safi aliyoitenga, Masunga hajaliuza. Na jibu alilompa asubuhi ile analo bado:

"Ndege zilipokuwa nyingi waliongoza wanaume, baba Salu. Ilipobaki moja, tena mbovu, ndipo wakaniita mimi. Fifi naijua."