Nesi aliuliza, mjukuu wangu akadanganya, nikajibu mimi: tulivyoacha, yeye vidonge, mimi ugoro

Wakuu wa jukwaa, nawaamkia wote. Mlio rika la wajukuu zangu, shikamoo zenu nimeshaziitikia.

Mimi ni bibi kizee wa Mpanda, kwa asili ni Mbende wa Kabungu. Shule niliishia darasa la tatu, jembe likaniita. Humu nasoma tu, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naandika kwa kidole kimoja, herufi zikipotea mnivumilie.

Nitakayosema yametokea ndani ya nyumba yangu, na mwenye habari ameniruhusu nimtaje. Anayetaka kuandika "chai" huko chini, kwamba natunga, aandike, ila aje Mpanda nimpe ya tangawizi tuzungumze macho kwa macho.

Jambo moja mnijue. Mimi sisahau jina la mtu. Watoto niliowasimamia ubatizo, wake za wajomba zangu, hata mwalimu aliyenichapa darasa la pili, wote nawataja. Kwa hiyo mkiona hapa namwita mtu "yule dereva", sijasahau. Ya benchi la kliniki hubaki benchini.

Haya, twende.

Nina mjukuu anaitwa Gervas. Nimemlea tangu binti yangu Yasinta, mama yake, alipofariki. Bibi na mjukuu ni watani, nyie mnajua. Mimi namwita mume wangu, yeye ananiita mke mkubwa.

Alipomuoa Rozalia nikamwambia binti wa watu, "Karibu mke mwenzangu, huyu mzee tumlishe wote."

Kazi ya Gervas ni dagaa. Anateremka Ikola, ziwani Tanganyika, ananunua, anasubiri wakauke, anapandisha magunia sokoni Mpanda. Huko mwaloni anakaa siku nne, tano, na vijana wenzake.

Mimi kazi yangu ilikuwa ugoro. Tumbaku nakausha mwenyewe, natwanga, natia magadi, naweka kwenye vikopo vya bati. Nauza na kunusa. Zaidi ya miaka arobaini.

Sasa mimba ya kwanza ya Rozalia ilifika miezi saba ikaharibika. Mtoto wa kiume, hakulia. Kliniki walipopima damu wakakuta kaswende kwa wote wawili, mume na mke. Wakachomwa sindano, wakamaliza dozi.

Mtoto yule tulimzika. Jina lake lilikuwa Sosthenes. Majirani waliniambia mtoto ambaye hakulia hatajwi. Mimi namtaja.

Mwaka uliofuata Rozalia akapata mimba tena. Ikiwa na miezi mitano akanijia jikoni, nakumbuka nilikuwa nachambua mchele. Hakukaa.

"Bibi, Gervas kidonda cha ule ugonjwa kimerudi. Anakificha, lakini nimekiona."

Nikaacha ungo.

Wakuu, eleweni uzito wake. Ugonjwa ule ule uliomchukua Sosthenes umerudi nyumbani na mtoto mwingine yuko tumboni. Na kaka zake Rozalia, kule Mpimbwe, walikuwa wameshasema: hii ya pili ikipotea, dada yetu tunamfuata tumrudishe nyumbani.

Kesho yake asubuhi nikawaswaga wote wawili mpaka kliniki. Rozalia alisema haingii chumbani bila mimi. Basi tukaingia watatu.

Nesi alikuwa Skolastika, dada mpole wa Kifipa, ana kalamu na fomu. Akamuuliza Gervas mambo ya wanawake. Akajibu akiangalia sakafu. Akauliza kondomu. Akasema anatumia "mara nyingine".

Kisha akasoma kwenye fomu: "Unatumia pombe au dawa za kulevya?"

"Hapana sista."

Haraka hivyo. Kalamu ikaweka alama, nesi akageuza karatasi.

Hapa nisimame kidogo niwaambie kitu. Muuza ugoro anakuwa kama kigoda, watu wanakaa hapo wanasema yao bila kumwona. Vijana wa dagaa wakirudi Ikola hununua ugoro kwangu, na hapo hapo wanasimuliana. Walichomeza. Walichovuta. Walivyochanganya na gongo mpaka mtu haamki. Wanawake waliolala nao ambao asubuhi hawakumbuki hata sura.

Jina la Gervas nililisikia humo. Si mara moja.

Nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu mimi mwenyewe muuza kilevi, ningesema nini? Na kuna kubwa zaidi. Gervas alipokuwa na miaka kumi na minne, nilimtia ugoro puani kwa utani. Akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka, ukoo mzima tukacheka. Cha kwanza kuingia kichwani mwake nilimpa mimi, na nilicheka.

Hilo ndilo nililolikumbuka pale nesi alipogeuza karatasi.

Mama mzazi asingeweza kusema. Mkwe asingeweza. Mambo ya chumbani ya mwanaume mzima, mbele ya mke wake! Lakini bibi ana ruhusa yake, tangu enzi za mababu.

Nikasema, "Mume wangu, unamdanganya nesi au unanidanganya mimi mke mkubwa?"

Akashtuka. "Bibi, jamani..."

"Usiniite bibi, hapa ni mambo ya ndoa. Nesi, rudisha hiyo karatasi. Swali lako halina majina. Huyu akisikia dawa za kulevya anamwaza teja wa mjini aliyelala mtaroni. Ngoja nimuulize kwa majina."

Nikaanza kumhesabia kwa vidole. "Vile vidonge vikali vya maumivu mnavyomeza vitatu vitatu, umeonja hujaonja? Ndumu, hiyo bangi yenu? Kuberi chini ya mdomo? Mirungi iliyoletwa na yule dereva? Na ukishavichanganya na gongo, hiyo kondomu ya mara nyingine unaivaa kichwani?"

Rozalia akacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, lakini kilimtoka kabla hajakizuia. Nesi akainamia fomu, mabega yanatikisika.

Gervas naye akacheka, kisha kicheko kikageuka. Mwanaume wa miaka ishirini na tisa akalia akifuta pua kwa mkono wa shati.

"Vidonge," akasema. "Vidonge na ndumu. Kila nikishuka Ikola. Nikivimeza sijui ninachofanya, sista. Kondomu naenda nazo, narudi nazo zimefungwa vile vile."

Skolastika akaweka kalamu chini. Akasema, "Swali hili nauliza kila siku. Kila mtu ananiambia hapana."

Rozalia ndiye aliyeuliza lililobaki. "Sosthenes alikufa kwa ajili ya vidonge?"

Nesi akasema mtoto aliuawa na ugonjwa, lakini ugonjwa ulipata njia siku mumewe alipokuwa hajijui, na utaipata tena kama tutatibu damu tukaacha vidonge. Ndipo nikaelewa kwa nini sindano za kwanza hazikutusaidia.

Siku ile wakachomwa wote wawili. Gervas akapelekwa kwa daktari, akaambiwa asikate vidonge ghafla, apunguze kwa hesabu yake yeye daktari. Kondomu mpaka mtoto azaliwe na baada ya hapo.

Mlangoni Gervas akanigeukia. Macho mekundu, lakini utani ulikuwa umemrudia.

"Mke mkubwa, umenivua nguo mbele ya watu. Sawa. Naacha. Lakini na wewe uache ugoro. Ukinusa tu, na mimi nameza."

Wakuu, ugoro wangu! Nimenusa nikizaa, nimenusa nikizika. Nilitaka kumwambia mtoto usivuke mpaka. Nikamtazama Rozalia, mkono uko tumboni.

Nikasema, "Tumekubaliana, mume wangu."

(Nimerudi, nilienda kutoa maharage jikoni yalikuwa yanaungua. Tuendelee.)

Nyie mnaosema ugoro si kilevi, jaribuni kuacha. Kichwa kiliniuma kama mtu anapasua kuni ndani. Nikawa mkali, nikamtukana hadi jogoo. Gervas naye alikuwa na arosto yake: jasho, kuharisha, halali, anasema mifupa inawasha.

Kila asubuhi aliamkia dirishani kwangu. "Mke mkubwa, umenusa?" Nami namjibu, "Sijanusa. Mume wangu, umemeza?" "Nimemeza cha daktari tu." Ndiyo ilikuwa shikamoo yetu.

Ikola hakushuka tena kwa biashara. Mama Yusta, mwanamke wa kule tunayeaminiana, akawa anatupakilia dagaa kwenye gari na kupiga simu.

Sitawadanganya kwamba tulinyooka tu. Rafiki yake mmoja alikufa maji huko ziwani, akaenda kuzika. Aliporudi hakungoja niulize. Alisimama dirishani akasema, "Leo usiniulize bibi, nakwambia mwenyewe. Nimemeza. Mwanamke sikumgusa."

Nikaenda kwenye debe la mpunga, nikaingiza mkono mpaka chini, nikatoa kikopo nilichokuwa nimekificha na kukinusa siku tatu zile alipokuwa hayupo.

Tukatazamana. Tukacheka mpaka Rozalia akatoka nje kuuliza kuna nini.

Ugoro ule nikaumwaga chooni mbele yao. Yeye akaenda kliniki kwa miguu yake, akasema mwenyewe, bila mimi. Wakuu, siku hiyo nilijua tumeshinda. Aliyekuwa anasema "hapana sista" sasa anatangulia swali.

Rozalia akajifungua kliniki hapo hapo. Mtoto wa kike, kilo tatu na ushee. Huyu alilia! Alilia mpaka wodi ya pili wakauliza ni nani. Akapimwa damu, akafuatiliwa miezi kadhaa, hana ugonjwa.

Kaka zake Rozalia walikuja kweli kutoka Mpimbwe. Walikuja na mchele wa kumpongeza dada yao.

Mtoto anaitwa Veneranda. Hilo ni jina langu. Gervas anatamba sokoni kwamba sasa ana wake watatu na mdogo ndiye mkali kuliko wote.

Tuje kwenye kliniki na vile vikopo vyangu.

Skolastika alibadilisha kazi yake. Sasa anamwona kila mtu peke yake kwanza, ndipo anawaweka pamoja mume na mke. Na anauliza kwa majina, orodha nilimtajia mimi, kijana akinipa jina jipya nampelekea. Watu wanasema. Wanaume wa dagaa, wa machimbo, wafugaji wa Kasekese, wake za watu pia, msidhani ni wanaume tu. Yule dereva wa mirungi naye alikaa benchi lile. Aliponiona alitaka kukimbia. Nikamwambia, "Kaa mume wangu, foleni ni moja."

Kila Jumanne nipo hapo benchini, natania watu wakingoja zamu. Anayeingia akiwa ameshacheka, mdomo wake huwa mwepesi mbele ya nesi.

Na ugoro siuzi tena. Ila vikopo ninavyo, na vijana bado wanakuja kwa mazoea. "Bibi Veneranda, tupe kidogo." Namwambia afumbe macho, anyooshe mkono. Nafungua kikopo namwekea kondomu kiganjani. Nesi ndiye ananijazia. Wanacheka, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudishia.

Nililojifunza ni hili. Ukimuuliza mtu kwa neno kubwa la kutisha, atakuficha hata akiwa anakufa. Muulize kwa jina analolitumia yeye, na uwe tayari kufungua kikopo chako kwanza.

Nimemaliza wakuu, kidole kimekufa ganzi. Aliyeacha chochote, hata sigara moja, aandike hapa chini ni siku ya ngapi leo. Mimi nitawaitikia wote, na majina yenu nitayakumbuka.